Jinsi ya kumtagisha kori kwa maji baridi

Corydoras paleatus, kori wetu, ni kambale mdogo wa bonde la mto Paraná, Amerika Kusini, anayefugwa kwenye tangi la kioo. Hafiki sentimita 8, na ubavuni ana safu mbili za bamba za mfupa badala ya magamba. Watu humlaumu kuwa hatagi, kumbe kosa ni joto.

1. Tandika mchanga laini. Kori huchimbua kwa pua, hufyonza mchanga akautoa kwenye mashavu, chakula kikabaki. Sharubu zikianza kuwa vibutu, kagua sakafu ya tangi kabla ya kukimbilia dawa.

2. Weka sita au zaidi, madume wawili kwa kila jike. Watazame kutoka juu: jike ni mnene, dume ni mwembamba. Ukiwahamisha, tumia kopo. Niliwahi kumvua mmoja kwa wavu, mwiba wa pezi ukanasa, nikalazimika kuukata wavu.

3. Kwa wiki mbili walishe viluwiluwi vya mbu na nyungunyungu waliokatwakatwa.

4. Sasa maji, na hapa usifanye haraka. Kori huyu hustawi kwenye nyuzi 18 hadi 23 za Selsiasi. Jioni toa nusu ya maji, urudishe maji yasiyo na klorini, yaliyopoa kwa nyuzi 3 hivi kuliko yaliyomo. Kwao ni kama mvua imenyesha. Wasipotaga, rudia kesho yake.

5. Asubuhi kaa kimya utazame. Jike huegemeza mdomo ubavuni mwa dume, wakawa kama herufi T. Kisha huyabana mayai machache katikati ya mapezi ya tumbo, kama aliyekunja viganja, akazunguka akisugua kioo kwa mdomo mpaka apate mahali pa kuyabandika. Hilo silichoki kulitazama.

6. Wazazi huyala mayai, kwa hiyo yaondoe siku hiyohiyo. Ganda likishakuwa gumu, yabingirishe kwa kidole, hayapasuki. Yaweke kwenye bakuli la maji ya tangi lilelile, pamoja na jiwe la hewa, kile kijiwe cha pampu kinachotoa mapovu. Yai jeupe kabisa litoe upesi, lisiambukize mengine ukungu.

7. Huanguliwa baada ya siku 3 hadi 5. Usiwalishe vifaranga mpaka kiini kiishe tumboni, kisha wape atemia wachanga (vijidudu vya maji ya chumvi, jamii ya kamba), kidogokidogo, mara mbili au tatu kwa siku, ukifyonza mabaki kila jioni.