Somo: Kusoma jenomu ya bakteria wa kifua kikuu ili kutambua usugu wa dawa

Somo hili ni kwa msomaji anayejua jeni ni nini, lakini hajawahi kufuata safari nzima kuanzia bakteria aliyeoteshwa maabara hadi kauli kwamba dawa fulani haitamfaa mgonjwa. Nimechagua kifua kikuu kwa sababu bakteria wake, Mycobacterium tuberculosis, hukua polepole mno, kiasi kwamba kipimo cha kumwotesha penye dawa huchukua wiki kadhaa, na muda huo wote mgonjwa anaweza kuwa anameza vidonge visivyomsaidia. Tena, tofauti na bakteria wengi wanaopeana jeni za usugu, huyu hupata usugu kwa mabadiliko ndani ya jenomu yake mwenyewe, yaani DNA yake yote, kwa hiyo chanzo chake ni rahisi zaidi kukifuatilia.

Hatua ya 1: Kupata DNA safi. Makohozi yana DNA nyingi ya binadamu na ya bakteria wa kinywani, ndiyo maana maabara nyingi huotesha kwanza. Bakteria lazima auawe, kwa kawaida kwa joto, kabla sampuli haijatoka katika chumba chenye ulinzi maalumu. Ukuta wake una mafuta mazito kama nta, hivyo huhitaji kupondwa kwa nguvu ndipo DNA itoke.

Hatua ya 2: Kusoma. Mashine zinazotumika zaidi hutoa mamilioni ya vipande vifupi, kila kimoja chenye herufi 150 hivi, na kila herufi hupewa alama ya ubora. Alama ya 30 humaanisha uwezekano wa kosa moja katika herufi 1,000.

Hatua ya 3: Kupanga vipande juu ya jenomu rejea. Rejea ya kawaida ni ya aina iitwayo H37Rv, iliyochapishwa mwaka 1998, yenye herufi zipatazo milioni 4.4 na jeni zinazokaribia 4,000. Hakikisha kwanza kwamba vipande ni vya bakteria unayemtafuta. Kumbuka pia kwamba takribani asilimia 10 ya jenomu hii imejaa jeni za makundi ya PE na PPE, ambazo hujirudiarudia hata kipande kifupi kikaweza kuwekwa mahali pasipo pake. Wachambuzi wengi huyaacha maeneo hayo kando.

Hatua ya 4: Kuorodhesha tofauti. Programu hulinganisha sampuli na rejea na kutoa orodha ya nafasi zilizobadilika. Wanaoanza huteleza hapa wanapodhani kwamba nafasi isiyomo katika orodha haijabadilika. Huenda haikusomwa kabisa. Kabla ya kuandika kwamba badiliko halipo, angalia ni vipande vingapi vilivyopita juu ya nafasi hiyo, kwa kuwa kosa hili humfikia mgonjwa moja kwa moja.

Hatua ya 5: Kutafsiri. Hapa ndipo penye kazi hasa. Rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, hujishikiza kwenye kimeng'enya kinachonakili DNA kuwa RNA, na sehemu inayoshikwa hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni ya rpoB. Katika nafasi ya 450 ya protini, herufi TCG za jeni huagiza serini, mojawapo ya amino asidi zinazojenga protini. Zikigeuka TTG, huwekwa leusini, umbo la pale hubadilika, na dawa hukosa mahali pa kushika ilhali kimeng'enya kinaendelea na kazi yake. Lakini TCG ikigeuka TCA, bado ni serini, na hakuna usugu. Badiliko ni la herufi moja katika hali zote mbili, na matokeo ni tofauti kabisa.

Isoniazidi, dawa kuu nyingine, hufuata njia tofauti. Humezwa ikiwa haina makali, kisha kimeng'enya cha jeni ya katG ndicho huigeuza kuwa sumu, yaani bakteria hujiandalia kifo chake mwenyewe. Badiliko linalojulikana zaidi, la serini kuwa threonini katika nafasi ya 315, hupunguza sana uwezo huo wa kuiamsha dawa, huku kimeng'enya kikibakiwa na nguvu ya kutosha kumlinda bakteria. Pirazinamidi, dawa nyingine ya kifua kikuu, nayo huamshwa na kimeng'enya cha bakteria, cha jeni ya pncA, ila mabadiliko yake yametawanyika katika jeni nzima ya herufi 561, na mengi ni adimu kiasi cha kutoamulika kwa kuyatazama tu.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba badiliko ni dalili, na huwa ushahidi wa usugu pale tu bakteria wenye badiliko hilo walipopimwa na kuonekana wakikua penye dawa. Orodha ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2021 na kuongezwa mwaka 2023, ilijengwa kwa kulinganisha jenomu za makumi ya maelfu ya sampuli na vipimo vya aina hiyo, na huyagawa mabadiliko katika makundi matano, likiwemo la yale ambayo maana yake bado haijathibitika. Ukikuta badiliko la kundi hilo, liandike hivyo hivyo, wala usilipandishe cheo.

Maswali ya wanachama

Swali: Kwa nini tusitosheke na kipimo cha haraka kinachoangalia sehemu ndogo ya rpoB?

Jibu: Kipimo hicho huokoa muda mwingi na kinapaswa kutumika. Hata hivyo, vipimo vya namna hiyo hulenga eneo la herufi 81. Nchini Eswatini, uchunguzi wa sampuli za mwaka 2009 ulionyesha kwamba takribani asilimia 30 ya bakteria sugu kwa dawa kuu mbili, rifampisini na isoniazidi, walikuwa na badiliko katika nafasi ya 491, nje ya eneo hilo, na kipimo hakikuwaona.

Swali: Asilimia 20 ya vipande vyangu vina badiliko na vilivyobaki havina. Je, ni kosa la mashine?

Jibu: Huenda mgonjwa ana bakteria mchanganyiko, na wachache walio sugu wataongezeka dawa ikiendelea. Vipande 4 kati ya 20 ni ushahidi dhaifu. 40 kati ya 200, vinavyotoka nyuzi zote mbili za DNA, ni vigumu kuvipuuza. Rudia usomaji kwa kina zaidi.

Swali: Je, jenomu inaweza kueleza pia jinsi bakteria anavyoambukiza?

Jibu: Inaweza, na chanjo ya BCG ni mfano ninaoupenda sana. Wanasayansi Wafaransa Calmette na Guérin waliotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, kizazi baada ya kizazi, kuanzia mwaka 1908 hadi 1921, hadi akapoteza ukali wake. Sababu ilianza kueleweka miaka ya 1990, jenomu zilipolinganishwa na kuonekana kwamba BCG imepoteza kipande kiitwacho RD1, chenye herufi zipatazo 9,500. Ndani yake mna jeni za mtambo wa kusukuma nje protini zinazomsaidia bakteria kuharibu utando wa kifuko alimofungiwa ndani ya seli ya kinga. Watafiti hawakuishia kwenye ulinganisho huo: walikiondoa kipande hicho kwa bakteria mkali, naye akadhoofika, walipokirudisha kwa BCG, ukali ulirejea kwa sehemu tu, jambo lililoonyesha kwamba yapo mapungufu mengine ndani ya BCG mbali na RD1.