Wawili mnaokwenda visiwa vya Ugiriki na mashambani Uingereza: mambo ya kuzingatia kabla

Kila mwaka ikifika mwezi wa pili wananianza: "Dada, Julai tunataka twende visiwani Ugiriki, halafu tupitie Uingereza kwa rafiki yetu kijijini. Tuanzie wapi?" Anzieni kwenye karatasi. Picha za nyumba nyeupe za Santorini na sare za kufanana zitasubiri. Mnapendana, mna watoto, mna akaunti ya pamoja benki. Ubalozi hauna habari na hayo. Kwao nyinyi ni mafaili mawili, na moja linaweza kupita jingine likabaki mezani.

Ugiriki iko Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja; Uingereza haiko. Kwa hiyo Mtanzania, Mkenya au Mganda anahitaji visa mbili, na kila mtu aombe yake, alipe yake. Ada ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Schengen unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, Uingereza miezi 3. Pasipoti ni moja, na huwezi kuiacha sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo msipange kuomba zote kwa mpigo. Uingereza hutaja wiki 3, Schengen siku 15 ambazo zinaweza kufika 45. Wa Julai aombe Schengen Januari au Februari, Uingereza Aprili. Mkiunganisha Ugiriki na Italia au Malta, ombeni kwa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi. Cheti cha ndoa kiwepo, hasa kama majina ya ukoo hayafanani.

Sasa tulieni hapa. Kwenye fomu ya Schengen kuna sehemu ya kuchagua mtaingia mara ngapi: moja, mbili, au nyingi. Watu wanaipita kama wanavyopita masharti ya mtandao wa simu.

Kaka yangu na mkewe walikuwa watu wa mpangilio kweli. Walinunua tiketi ya kwenda na kurudi, Dar es Salaam hadi Athens, kwa sababu ndiyo iliyokuwa nafuu. Katikati wakachomeka safari ndogo ya Athens–London–Athens kwa ndege ya bei rahisi, ile inayokulipisha kila begi, kwa hiyo sanduku kubwa wakaliacha kwenye nyumba ya wageni Piraeus, bandari ya Athens, waje walichukue. Visiwani wakafurahi. Uingereza wakakaa wiki nzima kwa mtu aliyesoma na kaka, kijiji kimoja karibu na Moreton-in-Marsh. Siku ya kurudi Athens wakafika uwanjani kabla hapajapambazuka.

Binti wa kaunta akazifungua pasipoti zote mbili, akazilaza kandokando. Kwenye stika ya visa ya kaka, pale penye idadi ya kuingia, paliandikwa MULT. Kwenye ya wifi paliandikwa 01. Na ukurasa wa pili yake kulikuwa na muhuri wa kutoka Athens, wenye kipicha cha ndege na mshale unaoelekea nje ya kisanduku. Mara yake moja ilikuwa imeshatumika siku alipopanda ndege ya London.

Kaka akaanza kubisha: tarehe bado, visa inaisha wiki ijayo, tazama. Tarehe zilikuwa bado kweli. Lakini ukishatoka nje ya Schengen na visa ya kuingia mara moja, imekwisha, hata kama karatasi inaonyesha siku 10 mbele. Na shirika la ndege likimpakia abiria asiye na ruhusa ya kuingia, faini ni ya shirika, kwa hiyo hakuna wa kumbembeleza. Kaka akaambiwa yeye anaweza kupanda. Wifi hawezi.

Wakakaa kwenye benchi mpaka jua likachomoza. Hakupanda mtu. Wakanunua tiketi mbili za njia moja kurudi Dar kupitia Ghuba, za usiku uleule, na bei ya hizo peke yake ikapita nauli yote waliyoanza nayo. Ile tiketi ya kutoka Athens ikapotea. Sanduku la Piraeus lilifika Novemba kwa mkono wa mtu wa watu, chupa ya mafuta ya zeituni imevujia nguo zote za wifi.

Tofauti ilitoka wapi? Kaka alikwishakwenda Ujerumani kikazi zaidi ya mara moja, wifi ilikuwa safari yake ya kwanza. Maombi waliyapeleka siku moja, wakachukua pasipoti siku moja, wakatazama picha na majina, wakaenda kula samaki kusherehekea. Ule mstari hakuna aliyeusoma.

Kwa hiyo siku ya kuchukua pasipoti msitoke getini kwanza. Kila mmoja asome stika yake, halafu mbadilishane. Herufi za jina, tarehe ya kuanza na ya kuisha, idadi ya siku za kukaa, idadi ya kuingia. Kama mmoja ana 01, geuzeni safari: mwingie London mmalizie Athens na mrukie huko kurudi nyumbani, au kinyume chake, ilimradi Schengen muiguse mara moja tu. Na msidanganywe na vimashua vya matembezi. Kutoka Kos kwenda Bodrum, au Rhodes kwenda Marmaris, ni safari fupi ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, lakini huko ni Uturuki. Umetoka Schengen na kurudi ni kuingia upya. Kupro (Cyprus) nayo ni ya Umoja wa Ulaya, ila hadi 2025 ilikuwa bado haimo Schengen. Krete, Sisilia, Malta, Mallorca, hizo zote zimo. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuandikisha wageni kwa alama za vidole na picha badala ya mihuri, hivyo hata wa kujitetea kwamba muhuri hausomeki atakosa la kusema.

Bima: Schengen wanataka isiyopungua euro 30,000. Hakikisheni imeitaja na Uingereza, maana huko mgeni akilazwa hospitali analipishwa asilimia 150 ya gharama.

Chaji: plagi ya nyumbani yenye miguu mitatu inaingia Uingereza, Ugiriki haiingii.

Pesa: euro na pauni, kidogo kidogo. Na kila mmoja awe na kadi yake, kwenye mfuko wake.

Hoteli za Ugiriki kuna tozo ya serikali inayolipwa mkifika, kwa chumba kwa usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei mliyolipa mtandaoni. Kuanzia 2025, Aprili hadi Oktoba, hoteli ya nyota tatu ni euro 5, ya nyota tano 15. Zidisheni kwa siku zenu kabla hamjagombana mapokezi.

Halafu upepo. Julai na Agosti bahari ya Aegean hupigwa na meltemi, upepo wa kaskazini. Aliyewahi kuvuka Dar–Unguja kwenye kusi anajua kutapika ni nini, lakini huu una hila yake: unavuma mbingu ikiwa nyeupe pee, hakuna wingu, mtu yuko ufukweni anaota jua na bandarini meli zimezuiwa. Upepo ukifika kiwango fulani mamlaka ya bandari inakataza kuondoka, basi. Boti ziendazo kasi ndizo zinazosimamishwa mwanzo; meli kubwa za kawaida hustahimili zaidi, ingawa Piraeus hadi Naxos zinachukua kama saa 5 na ushee. Nauli ya meli mtarudishiwa, ya ndege iliyowaacha hapana. Usiku wa mwisho lazima mlale Athens. Narudia, lazima. Atakayekwambia "boti ya asubuhi, ndege ya jioni, inatosha kabisa" muulize kama yeye ndiye atakayelipa.

Na meli ikikaribia kisiwa msingoje itie nanga ndipo mshuke ngazi. Watu wote wanakusanyika chini kwenye magari, masanduku mkononi, injini zinanguruma. Mlango unashuka, dakika chache tu, unapandishwa tena. Mkichelewa mtateremkia kisiwa kinachofuata.

Jua. Najua mtasema sisi wa Dodoma, wa Mombasa, jua tumezaliwa nalo. Jua la kule ni kavu, njia za visiwani ni mawe matupu bila mwembe hata mmoja, na jasho linakauka kabla hujajua umetoka jasho. Juni 2024 Michael Mosley, daktari na mtangazaji maarufu wa televisheni ya Uingereza, alitoka kutembea kwa miguu mchana kisiwani Symi. Mwili wake ulionekana siku 4 baadaye. Alikuwa mtu mwenye kazi ya kuwafundisha wengine afya. Kati ya saa sita na saa kumi kaeni kivulini. Maji beba mengi kuliko unavyodhani, na visiwa vingi ya bomba hayanywewi. Tena kuna moto wa nyika: Julai 2023 Rhodes ilihamisha watu wapatao 19,000, wengi watalii. Namba ya dharura ni 112, na ujumbe wa tahadhari ukiingia kwenye simu usiufute kama tangazo.

Wasiokula nguruwe: nyama ya kwenye mkate ule wa kukunja, gyros, kwa kawaida ni nguruwe. Uliza kabla haijakunjwa.

Gari. Ugiriki kulia, Uingereza kushoto kama kwetu. Leseni ya kimataifa ya udereva chukueni nyumbani kabla ya safari, kwa sababu hutolewa na nchi iliyokupa leseni. Na hapa tena ni yale ya mafaili mawili: kampuni ya kukodisha inataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva. Mume ana leseni, mke ana kadi, gari hampati. Otomatiki iombeni mapema. Vijijini Uingereza kuna barabara za gari moja, kuta za majani pande zote mbili, na mkikutana na trekta mmoja wenu atarudi nyuma. Mara nyingi ni nyinyi.

Wasioendesha wapange kwa ratiba ya basi. Treni ya kutoka stesheni ya Paddington, London, itawafikisha Moreton-in-Marsh kwa kama saa moja na nusu, lakini kijiji kama Bibury hakina stesheni, na Jumapili mabasi ni ya kuhesabu au hakuna. Mwanga utawachanganya: mwishoni mwa Juni jua linazama saa tatu na nusu usiku, mnajiona bado alasiri, kumbe jiko la baa ya kijijini, ambalo ndilo mgahawa pekee, linafungwa saa tatu. Wanaoswali wajue Isha inachelewa sana, na kibla ni kusini-mashariki. Sweta na koti la mvua, hata Julai. Njia za miguu zinapita katikati ya mashamba ya watu na ni halali kupita; geti ulilolikuta limefungwa lifunge, na ng'ombe wenye ndama wazungukie mbali, hata kama kwenu mlifuga. Majani yanayowasha yako kando ya njia, vaa suruali ndefu. Kupe wapo pia, jikagueni jioni. Msiegeshe gari mbele ya geti la shamba hata kwa kupiga picha. Nakala za pasipoti zibaki kwa mtu nyumbani, na ratiba pia, na huyo mtu awe ni mtu anayepokea simu usiku.