Banda jipya la zana kutoka kwenye lile bovu

Usiuze banda bovu kama kuni. Nguzo huoza karibu na ardhi, pale unyevu na mchwa vinapokutana. Kata sehemu hiyo, juu mara nyingi bado nzima. Ila usizifukie tena. Mimina vitako vya zege vilivyoinuka sentimita 15 na uchomeke vipande vya bamba la chuma kabla zege halijakauka, ufungie nguzo hapo, la sivyo upepo utalibeba banda.

Mabati yaliyotoboka yawe kuta. Pesa iende kwenye paa. Msumari wa bati hupigwa mgongoni, kamwe si bondeni maji yanakopita. Kama paa la banda bovu ni la asbesto, usilikate wala kulivunja: vumbi lake huua mapafu.