Somo: Uvimbe wa mishipa ya damu kwa kichanga, tusikimbilie kisu

Kila uvimbe mwekundu wa kichanga tunauita hemanjioma, na jina hilo moja limewaponza watoto. Hemanjioma ya kawaida huwa haionekani mtoto anapozaliwa, au ni alama hafifu tu. Hutokeza wiki chache baadaye, hukua kwa miezi, kisha hunywea polepole. Leo tuko kwa ndugu zake adimu.

Hatua ya 1. Mwulize mama: ulionekana lini? Mtoto akizaliwa nao ukiwa umeshakua, fikiria hemanjioma ya kuzaliwa nayo. Aina iitwayo RICH hunywea yenyewe, mara nyingi kabla ya miezi 14. Ile iitwayo NICH hainywei, hukua tu sambamba na mtoto.

Hatua ya 2. Ushike. Ukiwa mgumu, wa zambarau kama vilio la damu, kingo hazishikiki, shuku hemanjioendothelioma ya kaposifomu (KHE). Jina lisikutishe: si sakoma ya Kaposi (saratani), na virusi vyake havihusiki.

Hatua ya 3. Picha nzima ya damu (hesabu ya chembe zake), siku hiyohiyo. Hapa ndipo maisha yanapookolewa. Plateleti, yaani chembe zinazogandisha damu, kwa kawaida ni 150,000 hadi 450,000 kwa mikrolita. Katika hali ya Kasabach-Merritt, iliyoelezwa mwaka 1940, uvimbe huzinasa hadi zikashuka chini ya 50,000, pengine chini ya 10,000, na fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, hushuka pia. Mkono utakuwasha kuongeza plateleti. Jizuie! Unazoongeza hunaswa vilevile, na uvimbe hufura zaidi. Ongeza mtoto akivuja damu au akienda kupasuliwa. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, iepukwe.

Hatua ya 4. Ultrasaundi ya Dopla, kisha MRI ionyeshe kina. Kipande kidogo cha uvimbe kikatwe kwa uchunguzi pale shaka inapobaki, kwa kuwa sakoma hujifananisha, lakini si kabla damu haijaweza kuganda. Maabara ipime protini ya GLUT1 kwenye kipande hicho: hemanjioma ya kawaida huwa nayo, KHE haina.

Hatua ya 5. Kwa KHE yenye plateleti zilizoshuka: dawa ya sirolimasi, mara nyingi pamoja na steroidi. Vinkristini, dawa ya saratani, nayo hutumika. Sirolimasi hupunguza kinga, kwa hiyo pima kiwango chake kwenye damu na umkinge mtoto dhidi ya nimonia kwa kotrimoksazoli.

MASWALI

Dokta, kwa nini tusianze na dawa ya propranololi tuone?
Ndugu yangu, tangu Wafaransa walipotangaza matokeo yake mwaka 2008 imekuwa nguzo ya kutibu hemanjioma ya kawaida. Kwa KHE haitegemeki, na wakati unaona, plateleti zinashuka.

Mimi ni mama tu, si mtaalamu. Mwanangu wa wiki sita ana vidoa vyekundu saba. Ni saratani?
Pole, dada. Maelezo yako hayafanani na saratani, ila mpeleke aonwe. Hemanjioma za ngozi zikifika tano au zaidi, ini hupigwa ultrasaundi. Zikijaa huko huweza kuelemea moyo na kuvunja homoni ya tezi ya shingo, hivyo homoni hiyo nayo ipimwe.

Plateleti zimerudi. Tuache sirolimasi?
Msiiache ghafla. Uvimbe huweza kuamka tena, kwa hiyo dozi hushushwa taratibu. Na ukiwa karibu na kiungo, mazoezi ya viungo yaanze mapema, maana masalia yake hukakamaza goti au nyonga miaka baadaye.