Wakala wa JADE akihama, mfungashie mzigo mdogo

Kama unaandika mawakala wanaohama (programu zinazojihamisha kutoka mashine moja kwenda nyingine) kwa JADE, zana ya Java ya kutengeneza mawakala, hili litakupunguzia usiku wa kukuna kichwa. doMove(), amri ya kumhamisha wakala, haibebi kila kitu. Inabeba data inayoweza kugeuzwa kuwa baiti tu. Soketi, faili lililo wazi au dirisha la skrini havipandi basi. Soketi au faili lililo wazi likiwa ndani ya wakala bila neno transient (linaloiambia Java isilibebe), utaletewa kosa la NotSerializableException na safari imeishia hapo.

Kwa hiyo funga hivyo vitu kwenye beforeMove(), inayoitwa kabla ya kuhama, uvifungue upya kwenye afterMove(), inayoitwa akishafika. Kumbuka setup(), inayoitwa wakala anapoanza kazi, haiitwi tena upande wa pili. Hapo ndipo nilipoumia: wakala wangu wa kusoma logi (faili la kumbukumbu za programu) alifika salama salimini, halafu akaanguka kwenye ujumbe wa kwanza kwa sababu lugha ya ujumbe na ontolojia (msamiati wake) nilizisajili kwenye setup() peke yake. Zisajili tena kwenye afterMove().

Na asirudi na logi nzima begani, jamani! Ahesabu makosa hukohuko, arudi na namba. Vinginevyo ungenakili faili tu, habari ikaisha.

Kujaribu, washa kontena mbili (sehemu ambamo JADE huendesha mawakala) kwenye laptopu moja, ya pili kwa chaguo la -container. Ila laptopu moja inadanganya: njia ya faili kama /home/mimi/logi ipo pande zote mbili, kwa hiyo kila kitu kinaonekana shwari. Jaribu na mashine ya pili kabla hujajisifu kazini.