Somo: Kupunguza mzigo wa kumbukumbu unapoiga joto la mapigo ya leza

Wakuu, juzi niliacha kompyuta ikipiga hesabu usiku kucha. Asubuhi nakuta diski imejaa na programu imekufa kwenye pigo la 200 na ushee. Ndipo nikachukua kalamu, jambo ambalo lilipaswa kutangulia.

Kazi yenyewe ni bamba la chuma cha pua. Leza inapiga sehemu moja mara 10 kwa sekunde, kila pigo milisekunde 1 na jouli 2, kwa dakika nzima: mapigo 600. Nodi (pointi ambazo halijoto hukokotolewa) 1,000,000 kwa baiti 8 kila moja, picha moja ya halijoto ni MB 8. Hatua 50 za muda kila mzunguko (pigo na mapumziko yake), jumla 30,000. Zidisha: GB 240! Na ili kusonga mbele, hesabu huhitaji hali iliyotangulia tu, si historia yote.

1. Chagua cha kutunza. Nodi 5 muhimu, kila hatua: MB 1.2 kwa kazi nzima. Picha kamili chukua moja kwa sekunde, kwa baiti 4: MB 240. Ila ukiichukua picha kabla ya pigo hutakiona kilele cha halijoto, kwa hiyo weka pia safu moja ya kiwango cha juu kwa kila nodi, ambayo thamani mpya inafuta ya zamani kila inapoizidi.

2. Tumia ulinganifu. Doa la leza la duara lisilohama kwenye bamba pana linatosha kuigwa kwa pande mbili: umbali kutoka katikati, na kina. Nodi 200 kwa 100 ni 20,000 tu.

3. Zuia programu isiruke pigo. Hapa niliwahi kuumia. Hatua za muda ambazo programu hujirekebishia urefu yenyewe hurefuka kwenye zile milisekunde 99 za mapumziko, kisha hupita juu ya pigo kama halipo. Bamba langu lilibaki nyuzi 25 mwanzo hadi mwisho, nami nafurahia faili dogo! Lazimisha kituo kila pigo linapoanza na linapoisha.

4. Kata vipande. Kila mapigo 100 hifadhi hali, funga, anza upya kutoka hapo.

Maswali

*Mkuu, kwa nini nisiweke wastani wa wati 20 niachane na mapigo?*
Mbali na doa, weka. Kwa chuma hiki mtikisiko wa halijoto wa mara 10 kwa sekunde hubaki kama theluthi kila milimita 0.36, ukifika milimita 2 umeshuka chini ya asilimia 1. Chini ya doa lenyewe kuna wati 2,000, wastani utakudanganya.

*Mimi RAM ndiyo inayojaa, diski iko wazi.*
Basi ni matriksi (jedwali la namba za milinganyo ya nodi zote), hasa kwa pande tatu. Acha kuichambua moja kwa moja, tumia njia ya kukaribia jibu kwa marudio.

*Naweza kuiga pigo moja, kisha nijumlishe nakala zake 600?*
Ndiyo, mradi sifa za chuma na upotevu wa joto pembeni vifuate mstari mnyoofu. Chuma kikianza kuyeyuka, hiyo njia haipo tena.