Kabla hujafunga mgahawa wa franchaizi, hata kwa wiki moja

Tuseme una mgahawa wa chapa kubwa California, unaouendesha kwa mkataba na mwenye chapa (hiyo ndiyo franchaizi), na simu inaingia usiku kutoka Mwanza: mama amefariki. Unafunga mlango, unabandika karatasi, unawahi ndege. Safari ya kwenda tu hula karibu siku mbili, bado mazishi, bado matanga. Siku ya kumi unarudi na kukuta notisi kwamba mkataba wako umevunjwa kwa sababu umeutelekeza mgahawa.

Mwenye chapa anaweza kufanya hivyo kisheria. Kwa mikataba iliyofungwa au kuhuishwa tangu mwanzo wa 2016, sheria ya California kwa kawaida humtaka akupe siku zisizopungua 60 urekebishe kosa. Kutelekeza ni kati ya makosa yasiyopewa nafasi hiyo. Siku 5 mfululizo bila kufungua, zikiwa siku ambazo mkataba unakutaka ufungue, zinatosha. Hata chini ya hapo, kama hali yenyewe inaonyesha huna nia ya kuendelea. Moto, mafuriko, tetemeko na mambo ya aina hiyo yaliyo nje ya uwezo wako yanakukinga. Usitegemee kwamba kukosa hela ya mishahara kutahesabiwa humo.

Kwa hiyo soma mapema, kabla ya kusaini. Kanuni ya serikali kuu ya Marekani inamlazimu mwenye chapa akupe waraka wa maelezo angalau siku 14 kabla hujasaini wala kulipa chochote. Waraka huo una vipengele 23. Cha 17 kina jedwali la sababu za kuvunja mkataba, lakini jedwali ni fupi mno; fuata namba za vifungu hadi kwenye mkataba wenyewe, utafute siku ngapi zinaitwa kutelekeza. Kisha nenda kipengele cha 20, kwenye majina na mawasiliano ya waendeshaji waliotoka mwaka wa fedha uliopita. Wapigie. Waulize walivyotendewa walipougua au kufiwa. Nusu saa ya simu hizo naithamini kuliko mkutano mzima wa mauzo.

Ukishakuwa ndani na ukalazimika kufunga, ruhusa ni ya maandishi. Meneja wa eneo wa mwenye chapa akikwambia "nenda tu, pole sana", huo ni ubinadamu wake na umshukuru, lakini mikataba hii husema mabadiliko yoyote yawe kwenye karatasi iliyosainiwa. Tuma ombi kwenye anwani ile ile iliyotajwa kwenye kifungu cha notisi. Taja tarehe ya kufunga na ya kufungua, na uulize kama mrabaha (ada unayomlipa mwenye chapa kwa kutumia chapa yake) na mchango wa matangazo vinaendelea kudaiwa mlango ukiwa umefungwa. Ruhusa hiyo ndiyo inayozitoa siku zako kwenye hesabu ya siku ulizotakiwa kufungua.

Kuna pia mwenye jengo. Mikataba mingi ya pango humtaka mpangaji aendelee kufanya biashara, na kuvunja mkataba mmoja, wa pango au wa chapa, kunaweza kuuvuta mwingine. Kama wewe au mwenzi wako mlisaini dhamana binafsi, deni litawafuata hadi nyumbani. Bima ya kusitishwa kwa biashara nayo kwa kawaida inataka pawe na uharibifu wa mali. 2020 wenye migahawa wengi walikataliwa madai yao ya korona, na mahakama nyingi zikawa upande wa bima.

Halafu tazama mgahawa wako kwa jicho la mkaguzi anayechungulia kioo cha mlango. Friji zimezimwa na milango yake imeachwa wazi, ubao wa menyu umeshushwa, karatasi imeandikwa "Tumefunga" bila tarehe: hapo panaonekana pamehamwa. Karatasi ikisema "Tutafungua Jumatatu tarehe 14", jokofu likinguruma, ratiba ya zamu za wiki ijayo ikiwa ukutani, ni habari nyingine kabisa. Piga picha za vyote hivyo kabla hujaondoka, na uhifadhi stakabadhi za umeme na mishahara.

Bora zaidi, usifunge. Mwandae mtu wa pili sasa hivi, apite mafunzo ya mwenye chapa, na aidhinishwe kwa maandishi kuendesha ukiwa mbali. California inataka kila mgahawa uwe na angalau mtu mmoja aliyefaulu mtihani wa usalama wa chakula. Hakikisha cheti hicho hakina jina lako peke yako.